Monita ya Mama

Machi 4

Daftari hili lilikuwa la nobu tu, vile vifundo vya kuongezea na kupunguzia sauti. Miksa yetu, mashine ya kuchanganyia sauti za bendi, haikumbuki chochote. Ukizungusha nobu, mahali ilipokuwa pamepotea, labda uwe umeandika. Kwa hiyo huwa naandika kwa saa. Nobu iliyofungwa kabisa, ncha yake inatazama saa moja. Ikisimama wima ni saa sita. Ikijaa hadi mwisho ni saa kumi na moja. Sauti ya Mama kwenye monita: saa tisa. Gita la kaka: saa moja, yaani halimo, maana ana ampi nzima, kikuza sauti chake, nyuma ya mgongo wake na aridhike nayo. Miaka kumi na minne nimeandika hivyo bila kuongeza neno.

Leo naongeza, la sivyo nitapasuka.

Paa la ukumbi limevuja na maji yameingia kwenye miksa. Niliomba lile bati libadilishwe tangu kiangazi. Niliandika barua mbili. Asubuhi mwenyekiti wa kamati ya ukumbi akaja na mwavuli wake, akatazama dimbwi, akatazama miksa, kisha akaniambia, "Binti, kwa nini hukuifunika?"

Binti! Nina miaka arobaini na sita, nina mvi nyingi kuliko yeye, maana zake anazipaka rangi.

Machi 6

Nimeifungua, nimeikausha kwa feni siku mbili. Chaneli tano, njia za kuingizia sauti, zimekufa. Kibaya zaidi, ilikuwa na njia mbili za kurudisha sauti jukwaani, sasa imebaki moja.

Mtu asiyejua atasema hilo ni jambo dogo. Monita ni zile spika zinazolala sakafuni zikimtazama mwimbaji, ili asikie anachofanya. Walioketi ukumbini hawazijui. Kamati haizijui. Lakini ukiwa na njia moja tu, kila aliye jukwaani analishwa kitu kilekile, apende asipende.

Machi 9

Mvua.

Machi 13

Mazoezi ya kwanza tangu maji yaingie. Mama yangu ndiye mwimbaji mkuu wa bendi ya ukumbi huu, ana miaka sabini na mmoja, na aliimba hapa kabla hapajawa na kuta. Kaka yangu mkubwa ndiye kiongozi wa bendi na mpiga gita. Nyuma ya Mama wanasimama waitikiaji watatu. Mimi nakaa mwisho wa ukumbi, nyuma ya miksa, na mchana siku za kazi naihamisha miksa hiyohiyo hadi chumba cha kurekodia, kile kilichokuwa stoo.

Wimbo wa pili sauti ya Mama ikashuka, ikawa chini ya gita kwa unywele. Halafu akafanya kile anachofanya siku hizi: akaiacha monita yake akasogea hatua mbili upande wa kaka. Nikampungia mkono arudi mahali pake. Akarudi. Nikamwongezea sauti yake mwenyewe, saa tisa na nusu, ajisikie vizuri. Akashuka tena.

Waitikiaji wawili wakatazamana. Niliwaona. Nimewaweka akilini.

Machi 17

Mama kasogea tena. Nimemrudisha tena.

Machi 20

Kaka amenikuta chumba cha kurekodia nikiunga waya. Akafunga mlango, jambo ambalo halifanyi kamwe.

"Mdogo wangu, umemsikia Mama?"

"Nimemsikia. Hajisikii. Nipe miksa yenye njia nne za monita uone."

"Si mashine hiyo. Ni umri. Watu wameanza kucheka pembeni, na mimi sitaki mama yangu achekwe. Kwenye sherehe ya ukumbi kutimiza miaka thelathini tumuage. Atoke kwa heshima zake."

"Umemwambia?"

Akajitia kutazama dari. Hajamwambia. Ila bango ameshalichora: Tunamuaga Mama Yetu, maua pembeni. Lipo nyuma ya kabati la ofisi, ni kubwa kama shuka. Kamati nzima inalijua, mpaka mfagiaji analijua. Anayeagwa ndiye asiyejua kama anaondoka! Nilimwambia kaka maneno ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa Mama anajua kusoma.

Machi 21

Nimeamka bado nimefura. Sherehe ni Mei kumi na sita. Nikipata miksa ya maana kabla ya siku hiyo, Mama anabaki jukwaani. Nisipoipata, watamvisha maua na kumkalisha kiti cha mbele, na itakuwa imeisha.

Machi 27

Kamati imekutana juu ya kununua miksa. Mimi nimeambiwa baada ya kikao, na aliyeniambia ni mwuza vocha wa getini.

Wamekwisha kuonyeshwa moja. Muuzaji ni jamaa wa suti ya kubana. Nitamwita Bwana Taa, kwa sababu kitu alichokileta kinawaka kama duka la simu. Kina chaneli ishirini na nne. Kina mwangwi wa aina mia moja ndani yake. Kinapiga muziki kutoka kwenye simu bila waya, na hapo ndipo mwenyekiti alipolegea kabisa, akapiga wimbo wake anaoupenda mara tatu.

Nikaingia ofisini, mashine na muuzaji wake wangalipo, nikauliza, "Ina njia ngapi za monita?"

Mwenyekiti: "Ina kila kitu, binti."

Nikaenda nyuma nikahesabu matundu. Njia ya monita ni moja. Moja! Na hakuna hata tundu la kutolea sauti ya kila chaneli peke yake, kwa hiyo chumbani sitaweza kurekodi mwimbaji mbali na ngoma. Kila kitu kitatoka kimekorogwa pamoja, ukikosea mmoja mnarudia wote. Chaneli ishirini na nne za kuingilia na mlango mmoja wa kutokea. Nikamwambia Bwana Taa hivyo. Akacheka kwa upole akasema mafundi wa zamani huwa wanaogopa mabadiliko.

Siogopi mabadiliko. Naogopa watu wanaochagua kitu cha kazi yangu kwa kutazama kinavyowaka.

Na kaka alikuwemo kwenye kikao hicho. Ni mjumbe. Hakufungua mdomo.

Machi 30

Mvua juu ya mabati tangu asubuhi, hakuna kurekodi. Nimekaa chumbani na hasira zangu.

Aprili 3

Siku mbaya kuliko zote.

Nilifika nimechelewa kidogo, barabara ilikuwa tope. Bendi ilikuwa imeshasimama, Mama kashika maiki, kaka ananipungia niharakishe. Nikawasha miksa bila kuitazama. Kwa nini niitazame? Jana niliiacha kama ninavyoiacha siku zote.

Spika zote zikapiga mluzi. Si mluzi wa kawaida; ule unaoingia jichoni hadi kisogoni. Mama akaangusha maiki akaziba masikio, akapepesuka, mwitikiaji mmoja akamdaka. Nikazima kila kitu. Nikawasha tochi. Nobu zote, mia na kitu, zimesimama saa sita! Zimepangwa mstari kama askari kwenye gwaride. Vitelezi vyote, vile vya kusukuma juu na chini, viko nusu kwa nusu, sawasawa. Na miksa inang'aa. Imepakwa mafuta ya samani.

"Nani amegusa hapa?"

Karani wa ukumbi, mtu wa kalamu tatu mfukoni, akanyoosha mkono kwa fahari. Aliambiwa apige picha ya miksa ya zamani ili Bwana Taa aitathmini, akaona nobu zimekaa shaghalabaghala, kila moja inatazama kwake. Akazinyoosha. Ilimchukua saa nzima, alisema. Na vipande vya plasta nilivyoandikia majina ya chaneli akavibandua, vilikuwa vichafu.

Nilimwita jina la mnyama mbele ya watu.

Lakini kilichonichoma si karani. Ni kaka. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi za jukwaa anakunywa maji, na kaka akasema taratibu, akidhani sisikii, "Mnaona? Hata mshtuko mdogo haumudu tena."

Mshtuko mdogo! Mbona yeye alikuwa amejificha nyuma ya ampi yake?

Aprili 5

Hatujasemezana na kaka. Mama ameuliza kuna nini. Nimemwambia hakuna kitu. Kumbe na mimi namficha bango, kama wao.

Aprili 8

Mvua. Paa limevuja sehemu mpya.

Aprili 12

Karani amenijia. Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza. Akaweka mezani karatasi kumi na mbili, amechora kila nobu ya miksa yangu kama uso mdogo wa saa, kwa rula na kwa bikari, kila moja imeachiwa nafasi ya kutia mshale. Juu ameandika siku, wimbo, mwimbaji.

"Sikujua kwamba kule kukaa ovyo ndiko kupangwa kwenyewe," akasema. "Kama ungeniambia, nisingegusa."

Nikataka kumwambia angeuliza. Nikakumbuka kwamba kwa miaka kumi na minne sijawahi kumwambia mtu yeyote hapa kazi yangu inafanyikaje. Nimezoea kununa. Nikamshukuru, kwa shida.

Akaongeza, akipunguza sauti ingawa tulikuwa wawili: "Kanuni ya kumi na moja ya ukumbi. Chombo chochote sharti kijaribiwe humuhumu, na wanaokitumia, kabla hakijanunuliwa. Hakuna aliyewahi kuisoma isipokuwa mimi."

Ningemkumbatia, ila zile kalamu zake mfukoni.

Aprili 18

Nimeingia kwenye kikao cha kamati bila kualikwa. Mwenyekiti akaniuliza nimefuata nini. Nikasema kanuni ya kumi na moja. Akamtazama karani. Karani akaisoma yote, pamoja na vifungu vidogo, bila kupumua.

Nikawaambia nimepata miksa nyingine. Ni mtumba, ya kituo cha redio kilichofungwa. Fundi mwenzangu aliyestaafu huko bado ana ufunguo wa stoo. Haina taa za kutisha. Haina mwangwi, haipigi muziki wa simu ya mtu. Chaneli kumi na sita tu. Lakini njia za monita ni sita, kila moja na nobu zake, na kila chaneli ina tundu lake la kutokea, kwa hiyo mchana itarekodi na jioni itapanda ukumbini, kazi mbili kwa chombo kimoja. Nobu moja, kazi moja. Ikiharibika naifungua mwenyewe.

"Kwa hiyo unataka tuache mpya tuchukue kuukuu," akasema mwenyekiti.

"Nataka msikie kwanza ndipo mchague. Mnanunua chombo cha sauti kwa macho!"

Kaka akakohoa. "Zijaribiwe zote mbili," akasema. "Mama aimbe kwenye zote mbili. Akishindwa kwenye zote mbili, mdogo wangu, usitusumbue tena."

Nilikubali. Nimemweka mama yangu rehani bila kumwuliza.

Aprili 25

Tumeibeba miksa ya redio watu wanne, tumeifunika turubai. Nimesafisha nobu moja moja kwa pamba. Mbili zilikwaruza, nimezibadilisha.

Aprili 29

Mvua imepungua. Nimeshindwa kula.

Mei 2

Siku ya majaribio. Nitaandika yote kama yalivyotokea, hata yale yanayonivua nguo.

Kwanza ya Bwana Taa. Aliiwasha, kamati ikasema aah. Bendi ikaanza. Dakika mbili hazikupita, waitikiaji wakaomba wamsikie Mama zaidi ili wamfuate. Nikamwongeza, akajaa kwenye monita zote. Mpiga ngoma akasema amezibwa. Kaka akataka besi. Kila nililomwongezea mmoja likawaangukia wote, mpaka mluzi ukaanza kuchungulia. Mama alishuka toka ubeti wa kwanza. Akasogea hatua mbili kwa kaka. Bwana Taa akasema labda tumwekee mwangwi. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniudhi, "Pengine tatizo halimo kwenye mashine."

Nikasema, "Subirini."

Nikaunganisha yangu. Waitikiaji nikawapa monita yao, Mama ndani yake. Mpiga ngoma yake. Kila mtu akainua kidole gumba. Monita ya Mama nikaifanya kwa mapenzi yangu yote: sauti yake mwenyewe, safi, saa kumi, wengine wote nikawafunga saa moja. Hakuna mwimbaji aliyewahi kujisikia vile katika ukumbi huu. Nikainua mkono. Bendi ikaanza.

Mama akashuka.

Akashuka vibaya kuliko siku zote. Ubeti wa pili alikuwa peke yake kabisa, kama mtu aliyeachwa njiani. Bwana Taa akatazama viatu vyake. Kaka akaacha kupiga. Mwenyekiti akafunika kalamu yake kwa kifuniko, na nikajua ameshaamua. Nikakaa kwenye kiti. Sikuwa na hasira, na hilo lilinitisha. Sijui mimi ni nani nisipokuwa na hasira.

Mama akaweka maiki chini. Akashuka jukwaani, akapita kamati bila kuisalimu, akaja hadi nyuma ya miksa. Miaka kumi na minne hajawahi kufika pale. Akavaa miwani yake.

"Mwanangu, mimi ni ipi hapa?"

Nikamwonyesha nobu yake.

"Nitoe."

"Mama, nikikutoa hutajisikia."

"Sauti yangu naijua tangu kabla sijakuzaa. Ukinirushia mwenyewe kwa kelele hivyo, ni kama mtu anayenisemesha wakati nasema. Sina cha kushikilia." Akainama karibu zaidi. "Na kaka yako ni ipi?"

Nobu ya gita. Saa moja. Ilikuwa saa moja miaka kumi na minne.

"Huyo ndiye ninayemtaka. Namtafuta kila siku. Namsogelea, wewe unanipungia mikono kama unafukuza kuku."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Uliniuliza lini?"

Akanishika bega, akapunguza sauti ili wengine wasisikie. "Kila nikikutazama kutoka jukwaani nakuona umeshafura. Nikasema basi, asiongezewe na mimi."

Aibu niliyoisikia sina mahali pa kuiweka. Mimi, ninayepiga kelele mji mzima kwamba hakuna anayeniuliza! Nimempa mama yangu kitu kimoja kwa miaka kumi na minne, nikakasirikia dunia nzima kwa niaba yake, na sikuwahi hata siku moja kupanda jukwaani nikamwuliza anataka kusikia nini. Kamati walitazama taa. Mimi nilitazama nobu. Tofauti yetu iko wapi?

Nikamfunga Mama hadi saa moja. Nikalifungua gita polepole, saa nne, saa sita, huku yeye amesimama mbele ya monita yake ameinamisha kichwa. Saa tisa akainua mkono.

Akaimba.

Sitausifia wimbo, nitatia chumvi. Nasema tu kwamba hakushuka, na hakusogea. Alisimama palepale beti nne, miguu yake mahali pamoja. Na waitikiaji walimfuata kwa sababu kwao yeye alikuwa amejaa, wakati kwake hakuwemo. Kitu ambacho chombo chenye njia moja hakiwezi kukifanya hata ukitie taa elfu.

Walipomaliza kaka hakuondoa vidole kwenye nyuzi. "Mama, kumbe ulikuwa unanitafuta mimi?"

"Nimtafute nani mwingine? Tangu ulipojua kupiga, sauti yangu naishikiza kwenye gita lako."

Kaka akageukia spika, akajifanya anakagua waya. Alikaa hapo muda mrefu kwa mtu anayekagua waya mmoja.

Mei 3

Karani ameniletea muhtasari nisome kabla haujapigwa chapa. Hajawahi kufanya hivyo. Umeandikwa: Kamati ilisikiliza. Imechaguliwa miksa ya redio. Mwenyekiti aliuliza jambo moja tu, kama itapiga muziki wa simu yake. Nimemuungia waya. Anaponiita binti, nimeamua kumwambia sipendi, badala ya kununa. Nimemwambia leo. Akasema, "Samahani, Fundi." Ikawa rahisi hivyo. Nimekasirika upya kwamba ilikuwa rahisi hivyo.

Mei 9

Kaka alimwonyesha Mama bango mwenyewe. Sikuwepo. Wanasema alilisoma mara mbili, akauliza nani kachora maua.

Mei 16

Sherehe imefanyika. Kabla ya mlango kufunguliwa nilipanda jukwaani na karatasi za karani, nikamwuliza kila mtu anataka kusikia nini. Mpiga ngoma, niliyemdhani haambiliki, alitaka kitu kimoja kidogo tu. Waitikiaji wawili niliowaweka akilini walitaka kumsikia Mama zaidi, hata kuliko siku ya majaribio. Kaka nilimwuliza wa mwisho. Akasema hataki kitu, yeye apunguzwe popote ila kwa Mama.

Mama aliimba nyimbo tisa. Katikati ya wimbo wa sita mvua ya mwisho ya msimu ikagonga mabati na lile bati, ambalo hadi leo halijabadilishwa, ambalo nimeliandikia barua ya tatu, likaanza kudondosha juu yangu. Kaka akaliona kutoka jukwaani. Akamtazama Mama, Mama akatikisa kichwa kukubali, na kwenye mapumziko kaka akamtuma karani, akaja mbio na lile bango la kuaga. Tukaifunika miksa nalo, maandishi yakitazama chini.

Nobu za leo. Mama kwa waitikiaji: saa nane. Mama kwa Mama: saa moja. Kaka kwa Mama: saa tisa. Atakayefuta au kunyoosha, aniulize kwanza. Nami nitamwuliza Mama.